Jibu Lisilokuwamo

Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na minne, na kumi na tisa kati ya hiyo nilikuwa nimeimaliza ndani ya londri ya hoteli moja ya Diani, siku simu yangu iliponifundisha kunawa mikono.

Sifanyi mzaha. Somo la kwanza lilikuwa na katuni ya mkono na bomba la maji, na sauti ya mwanamke ikaniambia kwa upole, kama anayesema na mtoto aliyetoka kuamka, kwamba kabla ya kugusa nguo za wageni ni lazima ninawe. Kisha nikaulizwa: kwa nini tunanawa mikono? Nikabonyeza jibu. Nyota tatu zikarukaruka kwenye kioo, sauti ikanipongeza. Nilikuwa nimeketi kwenye benchi nyuma ya stoo, saa nane mchana, muda wetu wa kupumzika kati ya zamu ya asubuhi na ya jioni, sare imenilowa jasho mgongoni. Niliizima simu. Niliona haya, ingawa hapakuwa na mtu wa kuniona.

Hoteli ilikuwa imenunua programu ya mafunzo ya mtandaoni. Tulikusanywa kantini sote, wapishi, wahudumu, watu wa bustani, na afisa wa wafanyakazi akatueleza. Alikuwa binti wa bara, hajafika miaka thelathini, mwaka wake wa kwanza pwani, mchapakazi, mwenye kutembea upesi hata pasipo na haraka. Alisema haya si mafunzo ya zamani ya kujaza watu chumbani na kuwasomea karatasi.

"Hii inakufuata wewe," alisema. "Inajua umefika wapi, inajua unataka kwenda wapi, inakutengenezea njia yako peke yako. Ni ya wataalamu walio kazini. Yaani ninyi."

Wataalamu walio kazini. Nililichukua neno hilo nikarudi nalo londri kama mtu aliyepewa zawadi mbele za watu. Hakuna aliyewahi kuniita mtaalamu. Shule niliiachia darasa la nane, huko kwetu Kinondo, kwa sababu ambazo wasichana wengi wa rika langu wanazijua, na kila fomu niliyoijaza tangu hapo imekuwa na kile kisanduku cha elimu, nami hukijaza kwa mwandiko mdogo. Lakini londri naijua. Shuka ya mtu aliyejipaka mafuta ya nazi na ya mtu aliyejipaka dawa ya jua nazitenga kwa kunusa. Mashine yetu kubwa ikitaka kuharibika, najua siku mbili kabla kwa jinsi inavyoguna ikianza kukamua. Kwa hiyo nasema kweli, nilifurahi. Msimamizi wetu, mzee wa Msambweni, alikuwa amebakiza muda mchache astaafu, nami nilikitaka kiti chake. Sikuwa nimemwambia mtu.

Baada ya kunawa mikono likaja somo la kukunja taulo. Baada ya taulo, kumsalimu mgeni. Nilivumilia wiki nzima nikidhani ni mlango tu, kila mtu anaupitia. Kisha siku moja kantini nikamwona msichana wa mapokezi, aliyeajiriwa mwaka huo tu, akisoma kwenye simu yake somo la kuongoza wenzako kazini. Nikamuuliza yeye alinawa mikono lini. Akacheka. Hakuwa na somo hilo.

Nikaenda ofisini kwa afisa wa wafanyakazi.

"Mama, karibu," alisema, macho kwenye kompyuta.

"Ahsante. Nimekuja kuuliza kwa nini nafundishwa kukunja taulo."

"Si mimi, mama. Ni sistimu. Inaangalia maelezo ya mtu, inachagua."

"Maelezo yangu ninataka kuyaona."

Alisita kidogo, kisha akanigeuzia kioo. Jina langu lilikuwepo, na miaka yangu ya kazi. Elimu: shule ya msingi. Na chini yake, mahali palipoandikwa malengo ya kazi, palikuwa na neno moja. Hakuna.

Nililisoma mara mbili.

"Nani aliyeandika hakuna?"

Feni ilikuwa inazunguka juu yetu, na karatasi za mezani zinainuka pembe zikilala tena.

"Ni mimi," akasema mwishowe. "Nilijaza za watu wote wa londri. Mlikuwa kazini, na nilitakiwa nimalize Ijumaa. Si kwa ubaya, mama. Nilidhani tu..."

"Mwanangu, kila mchana wapita mlangoni petu ukienda kula. Ungesimama, ungeuliza."

"Pole."

"Lifute."

"Haikubali kubadilisha mpaka umalize levo ya kwanza."

"Basi tutakaa hapa mimi nawe mpaka ikubali," nilimwambia, nikavuta kiti.

Sikupandisha sauti. Nililelewa na mama asiyetaka sauti za juu. Nilikaa tu, mikono mapajani, kama mtu aliyekuja kutoa rambirambi. Alijaribu hiki, akajaribu kile. Akapiga simu kwa watu wa programu, akawekewa muziki, akasubiri. Mtu aliingia na faili akatoka. Muda wangu wa mapumziko ulikuwa unaisha nami nikaona heri uishe. Hatimaye kile kisanduku kikafunguka, akaweka vidole juu ya herufi akaniangalia.

"Niandike nini?"

"Andika, msimamizi wa londri."

Vidole vilisimama kidogo, kisha vikaandika. Nilimshukuru, nikaenda zangu kwa shuka.

Programu ikanipa mtihani wa kupima nilipofika, nikaufanya kwenye benchi lile lile, nikapelekwa levo ya tatu. Na hapo lazima niseme haki: nilifundishwa. Miaka yote nilijua kwamba damu hutolewa kwa maji baridi, na mwenzangu akiipeleka kwenye maji moto nampigia kelele, lakini sikuwa najua kwa nini. Sasa nikajua. Nikajua joto huifanya damu igande kwenye uzi kama yai linavyoganda kikaangoni. Nilikaa na simu mkononi nikitabasamu peke yangu. Mtu hufanya jambo miaka kumi na tisa kwa kuambiwa, kisha siku moja analifanya kwa kujua, na si jambo lile lile tena.

Nilisoma miezi miwili kwa mwendo huo. Kisha likaja swali la shuka.

Liliuliza: shuka nyeupe zimeanza kugeuka rangi ya kijivu, utafanya nini kwanza? Majibu yalikuwa manne. Kuongeza sabuni, kuongeza dawa ya kung'arisha, kuongeza joto la maji, kupunguza nguo kwenye mashine. Nikayatazama yote manne. Jibu langu halikuwamo.

Hoteli yetu hutumia maji ya kisima, na visima vya upande wetu vina chumvi. Sabuni ndani ya maji hayo haitoi povu kama inavyotakiwa. Hugeuka utando, utando ukashika kwenye uzi, na ukiongeza sabuni umeongeza utando. Shuka inakuwa ya kijivu na ngumu, mgeni akilalia anajikuna. Tunachofanya ni kupunguza sabuni na kutia siki kidogo kwenye maji ya mwisho ya kusuuza. Nilifundishwa na mama mmoja niliyemkuta londri nilipoajiriwa, naye alikuwa na mikono iliyobabuka mpaka viwikoni. Haikuandikwa popote.

Nikabonyeza lililokuwa karibu na ukweli, la kupunguza nguo. Kosa. Jibu sahihi: ongeza sabuni. Na ujumbe ukatokea: tumegundua kwamba unahitaji kurudia mambo ya msingi. Nikarudishwa nyuma masomo sita. Nikayapita yote sita, nikafika tena kwenye swali, nikabonyeza tena nilichobonyeza, nikarudishwa tena. Nikafanya hivyo mara tatu.

Wenzangu walinicheka. "Si ubonyeze wanalotaka, upite?" Hata msimamizi wetu, mzee yule wa Msambweni, alinijia nikiwa nakunja foronya.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia wagombana na simu."

"Inataka niseme uongo."

"Wapite hao. Bonyeza lao, la kweli ubaki nalo mwenyewe. Cheti hakitauliza."

Alisema kwa kunihurumia, nami namheshimu mpaka leo. Lakini nilikataa. Maisha yangu yote nimebonyeza la watu ili nipite. Nimekubali kwa kichwa mbele ya meneja aliyekosea, nimesema ndiyo kwa mgeni aliyesema taulo imeibwa nayo iko chini ya kitanda chake. Hayo ni ya mshahara, nayaelewa. Lakini hii waliniambia ni njia yangu. Waliniambia inanifuata mimi. Kama inanifuata, basi nitasimama nilipo mpaka inifikie.

Niliwaandikia watu wa programu. Ndani yake palikuwa na mahali pa kumwandikia mwalimu. Nikaeleza habari ya kisima, sabuni na siki. Papo hapo likaja jibu: ahsante kwa maoni yako, unaendelea vizuri! Na picha ya ua. Nikaandika tena, ua likaja tena. Mara ya nne niliandika: naomba mtu, sitaki ua.

Nikaona pia kwamba maneno matupu hayatanisaidia. Nikaomba shuka moja iliyochanika, iliyokwisha kuondolewa kwenye hesabu, nikaikata vipande kumi na viwili. Vinne nikavishona uzi mwekundu pembeni, vinne uzi mweusi, vinne uzi wa buluu. Vyekundu nikavifua kwa jibu lao, sabuni ya kuongezwa, maji ya kisima. Vyeusi nikavifua kwa jibu letu. Vya buluu nikavifua kwa jibu lao vilevile, lakini kwa maji ya mvua, kwa kuwa nilitaka kujua kama ni wao waliokosea au ni maji yetu.

Maji ya mvua niliyachota kwenye pipa la mama yangu, Kinondo. Alinikuta nikijaza mtungi alfajiri.

"Hayo ni ya kunywa," alisema. "Wapeleka wapi?"

"Kazini, mama. Kufulia vitambaa."

"Hoteli nzima ile haina maji?"

Nikamweleza. Alisikiliza akiwa amesimama mlangoni, ushungi begani, mwanamke ambaye hakuingia darasani hata siku moja. Nilipomaliza alishika mtungi upande wa pili tukaupandisha kwenye tuktuk.

"Wakikataa," akasema, "waambie waje wafue hapa."

Tulikuwa na mashine ndogo ya sare zetu, ya kujazwa kwa ndoo, nami nilihitaji ruhusa ya kuitumia. Nilimwendea msimamizi. Akavitazama vile vipande na nyuzi zake, akavua miwani.

"Mimi sijaona kitu," alisema. Tangu siku hiyo, kila saa nane, alitafuta shughuli ya kumtoa londri.

Wiki mbili nilifua kila siku, nikaanika mahali pamoja, nikapiga picha juu ya karatasi nyeupe. Vya uzi mwekundu vilianza kubadilika siku ya tano. Mwishoni mwa wiki ya pili havikuhitaji maelezo, mtoto angekuambia. Vyeusi vilikuwa vyeupe. Na vya buluu, vya maji ya mvua, navyo vilikuwa vyeupe, vyeupe kuliko vyangu kidogo. Sikupenda, lakini nilivipiga picha pamoja na vingine. Nikazituma zote.

Siku mbili baadaye alinipigia mtu. Alikuwa mwalimu wa programu, mwanamume, sauti ya mtu mzima, yuko mji wa mbali.

"Mama, nimeona kazi yako, hongera kwa bidii. Lakini elewa kwamba vipimo hivi vimefanyiwa majaribio."

"Kwa maji gani?"

"Vipi?"

"Majaribio hayo yalifanywa kwa maji gani, mwalimu?"

"Maji ya kawaida."

"Kawaida ya wapi?"

Nilisikia akibonyeza kitu, nikajua anazifungua picha sasa, kwamba kabla ya hapo alikuwa hajazifungua. Nikangoja.

"Hizi za buluu ni nini?" aliuliza, na sauti ilikuwa nyingine.

"Hayo ni maji ya mvua, na jibu lenu. Kwa maji hayo mmesema kweli. Lakini hapa hatufui kwa mvua."

Tulizungumza karibu saa nzima. Aliniuliza kiasi cha siki, aliniuliza aina ya sabuni, na mara mbili nilimsikia akiandika. Hakuniomba msamaha, nami sikuuhitaji. Baada ya siku chache swali lilibadilishwa. Sasa linaanza kwa kukuuliza maji ya mahali pako yakoje, na majibu ni matano. Nililibonyeza la tano, la siki, nikapita. Hakukuwa na nyota nilizozifurahia kama zile, ingawa zilikuwa nyota zile zile za katuni.

Nilipata cheti. Kwenye mkutano wa wafanyakazi meneja mkuu akaonyesha picha yangu ukutani, akasema tazameni, programu imemchukua mama huyu kutoka kunawa mikono ikamfikisha kwenye utaalamu. Watu wakapiga makofi. Nikanyoosha mkono.

"Samahani, bwana meneja. Nashukuru. Lakini utaalamu niliingia nao. Programu ilinieleza sababu ya mambo niliyokuwa nikiyafanya, na moja ikanifundisha vibaya, nikairekebisha. Ningependa isemwe hivyo."

Makofi yalikatika. Jioni niliitwa, nikaambiwa nimekosa adabu mbele ya wakubwa, niandike barua ya kuomba radhi. Niliandika barua. Nilieleza maneno niliyoyasema, mahali niliposema, na kwamba yote ni kweli. Nikatia sahihi, nikawapa. Sijui waliiweka wapi.

Mzee wa Msambweni alistaafu miezi mitano baadaye. Niliomba nafasi yake, nikahojiwa, nikapewa barua ya kukaimu kwa miezi mitatu. Nikakaimu. Ilipokwisha nikaletewa nyingine, miezi mitatu tena, kazi yote ya msimamizi na jina la mfuaji.

"Sisaini," nilimwambia afisa wa wafanyakazi, yule binti.

"Mama, wakubwa wataichukulia vibaya."

"Waichukulie. Mimi kuanzia leo nafua. Kazi yangu ninayolipwa ni hiyo, nitaifanya vizuri. La kuamua lipelekwe kwa aliye na barua."

Nilifua siku sita. Hakuna aliyeagiza sabuni, hakuna aliyepanga zamu, fundi wa mashine alikuja akakosa wa kumwonyesha kasoro akaondoka. Wenzangu waliniuliza, "Tufanyeje?" nami nikawajibu, "Kamuulizeni msimamizi." Usiku sikulala vizuri, sitadanganya. Nilikuwa na mama wa kumlisha na mtoto sekondari. Lakini kila asubuhi nilipofunga kitambaa kichwani nilijiona nimesimama wima. Siku ya saba barua ikaja, haina neno kukaimu.

Kazi ya msimamizi nayo ina mambo nisiyoyajua. Mipango ya manunuzi, sheria za kazi, namna ya kumwonya mtu bila kumvunja. Nasoma hayo sasa, kwenye programu ile ile, na nikikosea nakubali kwamba nimekosea. Ubishi wangu una mipaka yake.

Mwezi uliopita yule afisa wa wafanyakazi alisimama mlangoni pa londri. Kawaida hatumwoni, joto letu halimpendezi. Alikuwa na simu mkononi.

"Mama, una dakika?"

"Ninazo."

Kumbe naye anasoma, shahada ya pili, chuo cha mtandaoni, baada ya kazi. Chuo kilikuwa kimemtumia ujumbe. Kwa jinsi anavyosoma, kilimwambia, njia inayomfaa ni ya polepole. Amehamishiwa kwenye mpango wa miaka mitano.

"Na wewe wataka miaka mingapi?"

"Miwili."

"Umewaambia?"

"Nitawaambiaje, mama? Imeshajipanga yenyewe." Macho yalikuwa mekundu, akayafuta kwa kiganja upesi upesi, kama anavyotembea. "Wewe uliwaandikia nini, hasa?"

Ningeweza kumkumbusha mambo. Yalinifika ulimini, sikatai. Nikamsogezea kigoda, nikamwondolea rundo la mataulo mezani apate pa kuweka mikono.

"Kaa," nilimwambia. "Andika."

Aliandika mistari mitatu ya kwanza, yote ya heshima, ya kuomba radhi kwa kuwasumbua. Nikamwambia aifute miwili. Akaifuta. Kisha akaanza tena, safari hii akibonyeza kwa nguvu, nami nikamwacha nikaenda kuzima mashine ya kukaushia iliyokuwa inalia.